Fundi Kortenhaus na Nyumba Zake Nne

Shemeji yangu Ewald Kortenhaus hakuomba ukubwa. Barua ya halmashauri ya mji ilimkuta kazini, misumari imejaa mdomoni, na kwa kuwa hawezi mtu kujibu na misumari mdomoni, tarishi aliifungua mwenyewe akaisoma kwa sauti. Fundi viatu Kortenhaus ameteuliwa kuwa mlezi wa maskini kwa miaka mitatu, bila mshahara. Akikataa pasipo ugonjwa, atanyang'anywa haki ya kupiga kura na kodi yake itapandishwa.

Ewald alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Waambie nimesikia," alisema.

"Ndiyo furaha yenyewe hiyo, fundi?"

"Nikifurahi nitakuita uone."

Hivyo ndivyo alivyoingia kazini. Mimi nilikuwa ghorofani, dirisha wazi, nikasikia yote. Jina langu Alwine, mjane wa mdogo wake. Nilikuwa nashona ngozi za juu, yeye chini anapigilia soli, na kiatu kilikuwa kinakuwa kizima kwenye ngazi baina yetu.

Huo utaratibu wa walezi ulikuwa mpya bado, na sisi watu wa Elberfeld tuliuringia kuliko kengele za kanisa. Zamani maskini walijazana mlangoni mwa jumba la mji. Mwenye sauti alipata, mwenye haya alirudi na njaa yake. Sasa mji ulikatwa mitaa, mitaa ikakatwa vipande, na kila kipande kikapewa mtu anayeishi papo hapo, mwokaji au mfumaji au mwalimu. Kila mlezi alipewa nyumba zisizozidi nne. Walisema binadamu mmoja hawezi kuzijua nyumba nyingi kuliko nne, kuzijua hasa. Azitembelee kila baada ya siku kumi na nne, bila kutanguliza habari. Kisha walezi wa mtaa wakutane, kila mmoja asome alichokiona, wanyooshe mikono. Na msaada wenyewe ulikuwa wa siku kumi na nne tu. Zikiisha, maskini anaanza tena kuwa maskini mbele ya mkutano, kana kwamba hajawahi kuwa.

Ewald alikuwa mtu wa haya. Alimfahamu kila mmoja mtaani kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini. Akikutana nawe njiani macho yake yalishuka kwanza kwenye viatu, yakakaa huko, na salamu ikakufikia kutoka huko huko. Watu walimzoea. Lakini kazi aliyopewa ilikuwa ya kuingia majumbani na kutazama watu usoni, na kwa miezi ya mwanzo niliona jinsi alivyozunguka mara mbili tatu barabarani kabla ya kubisha mlango.

Alijifunza. Mzee Stöcker, aliyefanya kazi kwenye mapipa ya rangi ya nguo mpaka mikono ikawa ya samawati milele, hakuweza tena kuinama. Ewald alimkata kucha za miguu kwa kisu chake cha ngozi, na wakati anakata, mzee alimweleza yote ambayo mkutano ulitaka kuyajua na mengi ambayo haukuyataka. Alirudi siku hiyo ananiambia, "Shemeji, kumbe ukiwa umeshika mguu wa mtu, yeye ndiye anayezungumza." Alikuwa na furaha ya mtu aliyegundua njia ya mkato.

Nyumba ya nne ndiyo iliyomshinda. Ilikuwa ya Lisette Overrath.

Mume wake alikuwa mwendesha magari ya farasi ya mizigo, akafa mlimani siku ya barafu, gari likimrudia. Alimwachia watoto watatu, chumba kimoja na kitanda kimoja. Lisette alikuwa anazungusha nyuzi kwenye vijiti vya kufumia kwa ajili ya mfumaji wa utepe, gurudumu likilia kutwa, na kazi hiyo ilitosha nusu. Nusu nyingine ilikuwa mkate na makaa ya mji. Hakuwa na mguu wa kukatwa kucha. Alikuwa amesimama wima, anajibu alichoulizwa, ananyamaza.

Ewald naye alinyamaza. Kitabu cha masharti, kile kidogo walichopewa walezi wote, alikiweka mfukoni mwa aproni pamoja na nta, na palikuwa na sentensi moja aliyoipigia mstari kwa kidole chenye nta: mlezi aone kwa macho yake mwenyewe, asitegemee maneno. Kwa mtu mwenye haya, hiyo ilikuwa sentensi ya faraja. Ilimwambia kwamba kutouliza ni wajibu.

Jumamosi moja ya Februari alikwenda kwa Mama Overrath, akaona chini ya benchi, karibu na jiko, jozi ya buti za mwanamume. Buti ndefu, nyeusi, zimepakwa mafuta ya nguruwe na masizi, na mafuta bado mabichi. Alisikia harufu yake kabla hajaziona. Aligeuza macho, akauliza habari za makaa, akaaga. Nyumbani aliandika kwa mwandiko wake wa kupinda: *Chini ya benchi, buti za mwanamume, jozi moja, zimepakwa mafuta leo.* Akatia sahihi.

Jumatatu mkutano ulikaa katika darasa la shule ya mtaa. Mkuu wa mtaa alikuwa Bwana Hackenbroich, mwenye karakana ya vifungo, mtu mnyoofu, asiyependa ubishi wala moshi. Alisoma taarifa ya Ewald, akaisoma tena, akauliza kama ni kweli. Ewald akasema ni kweli. Basi, alisema Hackenbroich, mjane anayemtunzia buti mwanamume anaye mwanamume, na mwanamume mwenye buti kama hizo ana kazi. Mkate na makaa yakasitishwa. Na kwa kuwa nyumba ya namna hiyo si mahali pa kulelea watoto, mkutano unaofuata utaamua kama wale watatu wapelekwe kwa wakulima wa milimani, kila mmoja shamba lake. Mikono ikanyooshwa. Wa Ewald pia.

Alinieleza kesho yake asubuhi, akiwa ameegemea ngazi, kiatu cha mtu mkononi.

"Ulimuuliza ni za nani?" nikasema.

"Za nani nini?"

"Buti, Ewald."

Alikigeuza kile kiatu. "Shemeji, siwezi kumwuliza mjane habari za mwanamume. Kumvunjia heshima huko."

"Ukashindwa kumwuliza, ukaweza kumwandikia."

Alikikwaruza kisigino kwa ukucha.

"Na mimi je? Mimi nami mjane," nikasema. "Shuka chini ya ngazi hii utazame, buti za mwanamume zimejaa rafu nzima. Mbona sijaandikwa?"

"Hizo ni za wateja."

"Umejuaje? Kwa sababu unajua. Za Lisette hujui, lakini umetia sahihi."

Alirudi kwenye kiti chake. Kisha akaita kutoka chini, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, "Alwine. Utakuja nami?"

Nilichukua mkate wa shayiri nyeusi, nikavaa shali, tukaenda. Mto ulikuwa umevimba, mwekundu siku hiyo, maana watia nguo rangi wa juu ya mto walikuwa wanamwaga nyekundu.

Lisette alifungua, akatuona, hakusogea.

"Leo mmekuja wawili," alisema. "Mmoja atazame chini ya benchi, mwingine chini ya kitanda?"

"Mama Overrath," Ewald akaanza.

"Kitanda ni hicho kimoja. Tunalala wanne. Huyo mwanamume mliyeniandikia akija, itabidi alale juu ya jiko, na makaa mmekata, kwa hiyo hataungua."

Mtoto mmoja alicheka nyuma ya gurudumu, akanyamazishwa kwa jicho. Nilimpa mkate.

"Wa kwako au wa mji?" akauliza.

"Wangu."

"Basi weka hapo. Wa kwako nitakurudishia siku moja. Ule mwingine haurudishiki."

Tuliingia. Buti zilikuwa pale pale, zinang'aa. Ewald alisimama mbele yazo kama mwanafunzi aliyesahau somo.

"Mama Overrath. Hizi buti ni za nani?"

"Sasa ndiyo unauliza."

"Ndiyo. Sasa."

Lisette alikaa kwenye benchi, juu ya buti, kana kwamba ni kuku anayelinda mayai. Alisema polepole, bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikiliza. Ni za marehemu. Alinunua mwaka aliokufa, kwa akiba ya mwaka mzima, na hakuzivaa hata majira mawili. Ngozi isiyopakwa mafuta hukauka, ikikauka hupasuka. Hilo, alisema, hata mwendesha gari analijua. Kwa hiyo anazipaka kila Jumamosi, jioni ya kuogesha watoto. Mkubwa ana miaka tisa. Akifika kumi na nne atapata kipaimara, na hataingia kanisani kwa kiatu cha mbao kama mtoto asiye na baba. Miguu yake inakua haraka. Itafika.

"Nilidhani wewe ndiye ungejua," alimaliza. "Watu wengine sikuwatarajia."

Ewald aliinama, akaomba ruhusa kwa mkono. Lisette akainuka kidogo. Ewald aliitoa buti moja, akaigeuza, na kwa mara ya kwanza akatazama soli.

Nimeishi na mafundi viatu maisha yangu yote, nikaona alichokiona. Misumari ilikuwa na kutu, kila kichwa na duara lake jekundu. Katika mshono palikuwa na udongo wa milimani, wa njano, umekauka kuwa jiwe, nao si udongo wa barabara zetu. Kisigino hakikuwa na mkwaruzo mpya hata mmoja. Buti ile ilikuwa haijakanyaga ardhi kwa miaka mitatu, tangu mwenyewe afe. Mtoto wa fundi angeijua. Ewald alitazama juu, palipong'aa, akaiacha chini, palipo na habari yote.

Aliirudisha taratibu. "Niazime hadi mkutano. Nikiwaonyesha soli, wale kumi na watatu wataelewa bila maneno."

"Hapana."

"Mama Overrath, ni watoto wako."

"Najua ni watoto wa nani. Buti za mume wangu haziendi mezani kwa Hackenbroich kupekuliwa. Mmekwisha kuingia kitandani mwangu, mmehesabu mashuka. Hapo basi." Akainua macho. "Una mdomo. Wewe ndiye uliyesema, sema tena."

Tukiwa njiani kurudi nilimlaumu Lisette kidogo, nakiri. Nilisema kiburi hakiliwi. Ewald alitembea hatua kadhaa kabla ya kunijibu. "Si kiburi, shemeji. Mimi ndiye niliyewapelekea watu wengine chumba chake kwenye karatasi. Hataki niwapelekee tena kwenye gunia."

Siku zilizofuata hakufanya kazi ya maana. Alikipekua kile kitabu cha masharti mbele na nyuma akitafuta pahali paelezapo jinsi mlezi anavyofuta alichokiandika. Hapakuwepo. Waliokitunga hawakuwaza kwamba macho yanaweza kukosea. Usiku nilimsikia akijaribu maneno peke yake, akianza, akikatika, akianza. Mtu ambaye katika mwaka mzima wa mikutano hakuwahi kusema zaidi ya "ni kweli". Alichoogopa nilikijua. Asimame akiri mbele ya mtaa kwamba fundi viatu hakuitambua buti isiyovaliwa. Wale kumi na watatu walikuwa wateja wake.

Mimi mkutanoni sikuwepo. Wanawake hatukuwa na kiti mle. Haya yafuatayo nimeyapata kwa Dahlhaus, mchonga mbao, mlezi wa kipande cha jirani yetu, ambaye hana siri hata ukimlipa.

Ewald alisimama jina lake lilipoitwa. Alisema taarifa yake iliyopita juu ya Mama Overrath ilikuwa na kosa, na kosa ni lake.

"Uliandika kweli au hukuandika kweli?" Hackenbroich akauliza.

"Niliandika kweli, Mkuu. Buti zilikuwepo na mafuta yalikuwepo. Niliyowaachia mdhani ndiyo hayakuwa kweli."

"Ni za nani, basi?"

"Za marehemu mumewe. Anazitunza kwa ajili ya kipaimara cha mwanawe."

"Amekwambia yeye."

"Amenambia yeye. Kisha nikatazama soli." Akaeleza kutu, udongo, kisigino. Alieleza vizuri, anasema Dahlhaus, maana alipofika kwenye soli haya ilimtoka.

"Zilete tuzione."

"Amekataa, Mkuu. Na ni haki yake."

Hackenbroich aliweka kalamu chini. "Kortenhaus, mjane hana ushahidi, wewe huna ushahidi. Mkutano uamini nini?"

"Neno lake. Na neno langu kwamba mimi, fundi miaka ishirini na mbili, nilitazama buti nisiijue. Mtu hajisingizii jambo kama hilo."

Mühlinghaus, mfumaji, mtu wa mizaha, akainua mguu wake juu ya benchi la watoto wa shule. "Nitazamie na hii, fundi. Niko ndani yake au simo?"

Wakacheka wote. Ewald alisubiri kicheko kiishe. Kisha, anasema Dahlhaus, aliutazama ule mguu kweli, akajibu, "Umo. Na umelalia upande wa kushoto, kwa sababu nyonga inakuuma na hujamwambia mtu." Mühlinghaus akashusha mguu, na uso wake ukabadilika, kwa kuwa ilikuwa hivyo.

Wakapiga kura. Ilipanda mikono minane. Ilitosha. Mkate na makaa yakarudi, na habari ya wakulima wa milimani ikafutwa kwa mstari mmoja.

Hackenbroich hakuwa mtu wa kinyongo. Alisema tu kwamba mlezi na nyumba wakishakosana vibaya, desturi ni kuihamisha nyumba. Dahlhaus ana nafasi. Nani anapendekeza?

"Mwulizeni mwenyewe," Ewald akasema.

"Nani?"

"Mama Overrath. Yeye ndiye anayefunguliwa mlango wake."

Walicheka tena, kidogo zaidi ya mara ya kwanza. Tangu utaratibu uanze, kila swali lilikuwa juu ya maskini, na hakuna lililopelekwa kwake ajibu kwa ridhaa yake. Hackenbroich alifikiri, akapapasa kifungo cha koti lake. "Haya. Muulize wewe. Akikukataa, usije ukalalamika hapa."

Alhamisi tulikwenda tena. Safari hii Ewald alituma habari Jumatano kwamba anakuja, kinyume cha kitabu. Watoto walikuwa wamenawishwa. Gurudumu limesimamishwa. Lisette alisikiliza swali mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Na huyo Dahlhaus yukoje?"

"Mtu mwema," Ewald akasema. "Ana maneno mengi."

"Nimesikia. Mtaa mzima unajua alichokula." Nilidhani angesema Dahlhaus, kwa ajili ya kumtia adabu tu, na kwa kweli ningemwelewa. "Utabaki wewe," alisema. "Lakini utakachoandika, utanisomea hapa kabla hujakipeleka kule. Mimi sijui kusoma. Utasoma polepole."

"Kitabu hakisemi hivyo."

"Kitabu hakikai kwangu."

Jina walilompa mtaani baada ya hapo, Fundi Juujuu, lilimfuata miaka mingi, na watoto wa shule walilitumia kwa raha. Hakulijibu. Wateja wawili walimhama; mmoja akarudi mvua zilipoanza. Miaka mitatu ya ulezi ikawa kumi na tisa, kwa maana halmashauri ilipomtumia barua ya kumwondoa alisema bado ana kazi. Na desturi ile ya kusoma kwanza aliipeleka kwenye nyumba zake zote. Walezi wawili watatu waliiga. Wengine walisema inapoteza muda, na ni kweli inapoteza.

Lakini siku ile ndiyo ilikuwa ya kwanza. Ewald alikaa kwenye benchi, akaweka karatasi juu ya goti, akaandika akitoa ulimi kidogo kama kawaida yake. Kisha akasoma.

"Lisette Overrath, mjane. Watoto watatu, wote wazima. Chumba kimoja, safi. Kazi ya nyuzi, inaendelea."

"Si wote wazima," Lisette akasema. "Mdogo anakohoa."

Ewald alimtazama mtoto, msichana wa miaka minne, aliyekaa kimya kabisa na mdomo umefumbwa. "Sijamsikia akikohoa hata mara moja, siku zote ninazokuja."

"Anajizuia ukija."

Alikaa na kalamu hewani. Akainama, akafuta neno moja, akaandika mengine juu yake, na yule mtoto, alipoona hakuna tena anayemkazia macho, akakohoa, kikohozi kirefu cha kifuani.

"Soma tena," Lisette akasema. "Tangu juu."

Akasoma tena, polepole, tangu juu.